Nani Kapanda, Nani Kashuka: Kipato cha Kaya Zetu Toka Azimio Mpaka Leo

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wa mwaka wa umoja wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa Morogoro. Wengi mliniomba niyaandike, nimeyaandika hivyo hivyo nilivyoyasema, nimetoa tu zile salamu ndefu.)

Shikamooni wazee wangu, mama zangu mliokaa mbele hapo nawaona, vijana habari za saa hizi. Mwenyekiti kanipa nusu saa na najua leo mmekuja kugawana hela zenu, hamjakuja kunisikiliza mimi, kwa hiyo mkiona naongea sana mnipigie makofi nitaelewa.

Niliwahi kufanya udadisi kwenye tafiti za matumizi ya kaya, zile za daftari, na toka siku hiyo kila ninapokaa na watu swali ni lile lile. Redioni wanasema uchumi umekua asilimia sita, sijui saba, mbona mimi nyumbani kwangu sioni? Wengine wanauliza kwa hasira kabisa kama vile hiyo asilimia ninayo mimi mfukoni. Leo nataka tuongee hilo, pato la nchi likikua linakwenda wapi, linaingia nyumba ipi na linaruka nyumba ipi, na hali ilikuwaje zamani.

Tuanze na namna wanavyojua, maana watu wanadhani hizi namba zinatungwa ofisini. Tanzania hatupimi sana kipato, tunapima matumizi. Ukimuuliza mkulima wa Gairo kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi anakuangalia tu, mwezi gani? Julai kauza mahindi ana hela, Februari hana hata ya chumvi. Fundi naye leo kapata kesho kakosa, na mfanyabiashara hata kama anajua hakwambii, anadhani umetumwa na TRA, watu wa kodi. Kwa hiyo unaiachia kaya daftari, kila siku wanaandika walichonunua na walichokula, hadi mchicha wa bustanini kwao unaukadiria bei. Miaka ya nyuma daftari lilikaa siku 28, kwenye utafiti wa 2017/18 likawa siku 14. Mwaka 2000/01 walifikiwa kaya 22,178, huo wa 2017/18 kama 9,500 hivi, na kutoka kwao ndo tunasema habari za Tanzania Bara nzima.

Daftari linakuonyesha mambo ambayo jedwali la ripoti linayameza. Nakumbuka la mama mmoja, mwandiko wa mtoto wa darasa la tano maana ndo alikuwa anamwandikia. Unga nusu, dagaa fungu moja, mafuta ya kupima ya mia tano, mkaa kopo, kiberiti, vocha, chumvi ya mia. Kesho yake hivyo hivyo. Sasa kaa uzijumlishe zile pima za mafuta mpaka zifike lita, utakuta huyu mama kanunua mafuta kwa bei kubwa kuliko mwenye gari anayebeba dumu la lita ishirini kwa jumla. Mkaa vile vile, kopo kwa kopo mpaka lijae gunia kalipa zaidi ya mwenye gunia. Yaani asiye nacho ndo analipa bei ya juu, na analipa kila siku ya Mungu, halafu sisi tunakuja kulinganisha matumizi yake na ya tajiri kama vile shilingi yao inanunua kitu kile kile.

Na tajiri mwenyewe, mnadhani anajaza daftari? Unafika geti limefungwa, mbwa wawili, mlinzi anakwambia bosi kasafiri, kesho bosi kalala, keshokutwa njoo jioni. Mwisho wa siku akikubali anamwachia dada wa kazi ndo aandike, na dada wa kazi anaijua nyama na mboga, hajui ada ya shule ya kimataifa wala tiketi ya ndege. Ndo maana mi nikiona kipimo cha pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho kwa nchi hii najua kabisa kule juu kimekatwa kidogo, pengo halisi ni kubwa kuliko linavyosomeka.

Haya, turudi nyuma. Wazee hapa mnaikumbuka Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa lazima, na kilichowauma sana ni kwamba wakiwa huko wangekatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere akachemka. Akawaambia mshahara wake mwenyewe ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na akaukata kwa asilimia 20 hapo hapo, wao akawarudisha makwao. Miezi minne haijapita likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Mabenki yakataifishwa, na mwaka 1971 majumba ya kupangisha nayo yakachukuliwa. Pengo la mishahara kati ya mkubwa na mesenja wake likabanwa kwa makusudi, kodi ya wa juu ikapandishwa, wa chini wakaongezwa. Na hili lilifanya kazi, tusidanganyane, kwa karatasi za mishahara Tanzania ya katikati ya miaka ya sabini ilikuwa na pengo dogo kuliko nchi nyingi za Afrika.

Ila mshahara ni karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, bei ya kahawa ikaporomoka, vita ya Kagera 1978 na 1979, mafuta yakapanda dunia nzima, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Hiyo miezi 18 wengine hapa bado wanaihesabu. Ikaja enzi ya maduka ya kaya, unapanga foleni ya sukari, sabuni, unga wa njano ule mliokuwa mnauita wa Yanga. Wakati huo ukiwa na hela mfukoni bila kumjua mtu huna kitu, na ukimjua balozi wa nyumba kumi au mtu wa ghala, unakula. Mshahara wa kima cha chini ulipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua ndani ya miaka kama kumi tu. Sasa hebu niambieni, ukipima pengo kwa mishahara ya mwaka 1983 utapata nchi ya usawa kabisa, wakati mtaani kuna nyumba inapika chapati na nyumba inachemsha majani ya chai ya jana. Usawa wa kwenye karatasi ulibaki, uliogawanywa kwa mlango wa nyuma haukuandikwa popote.

Kilichookoa kaya nyingi wakati ule ni miradi. Mwalimu anafuga kuku, nesi anauza maandazi, karani ana ng'ombe wawili nyuma ya kota. Na wengi waliokuwa wanaendesha hiyo miradi walikuwa mama zetu, ndo hapo mshahara wa baba ukaanza kuwa kama posho na biashara ya mama ndo ikawa ndo hela ya nyumba. Hii kitu haijarudi nyuma mpaka leo, mkiangalia humu ndani nani wamejaa.

Halafu Mzee Mwinyi, 1985, akaingia Ikulu, 1986 tukasaini na IMF, na mambo yakawa ruksa. Bidhaa zikajaa madukani, foleni zikaisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar yale masharti ya Azimio kwa viongozi yakalegezwa, kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba za kupangisha, na mshahara zaidi ya mmoja. Wakati huo huo mashirika ya umma yanauzwa au yanafungwa, watu wanapunguzwa kazini kwa mamia. Hapa Morogoro hamhitaji niwahadithie, mji wa viwanda huu. Kile kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kiuze viatu Ulaya, hakikuuza huko, hakikufika hata karibu na uwezo wake, kikafa. Baba aliyekuwa na kadi ya kiwanda, kota na matibabu, akarudi mtaani na kiinua mgongo kilichoisha kwa miezi. Ndo miaka hiyo tulianza kuitana walalahoi.

Sasa kuanzia hapo ndo tuna namba tunazoweza kuzifuatilia, kwa sababu utafiti wa 1991/92 ulifanyika vizuri na uliofuata ukaiga. Huo wa kwanza ulikuta watu kama asilimia 39 wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, yaani matumizi yao hayatoshi chakula na mahitaji mengine ya lazima. Miaka tisa baadae, 2000/01, asilimia 36. Mwaka 2007 bado kama 34. Hebu fikirieni, miaka 15 na zaidi, migodi mikubwa ya dhahabu imefunguliwa, simu zimeingia, mabenki yamerudi mikononi mwa watu binafsi, uchumi kuanzia mwaka 2000 unakua kwa kasi ambayo haikuonekana kwa miaka mingi, na walio chini ya mstari wamepungua pointi tano tu. Kipimo cha pengo, ile Gini, kikawa kimelala pale pale kwenye 0.35. Gini ukiifikiria kwa urahisi, sifuri ni wote sawa, moja ni mtu mmoja kabeba vyote.

Wataalamu walibishana sana wakati ule hela imekwenda wapi, na jibu lenyewe wala halikuwa gumu. Kilichokua ni dhahabu, ujenzi, mawasiliano, mabenki, na huko kunaajiri watu wachache. Kilimo ndo kilikuwa na zaidi ya theluthi mbili ya wanaofanya kazi, na kilimo kilikuwa kinakua taratibu, na jembe ni lile lile. Mgodi ukizalisha mara mbili hauajiri mara mbili. Kwa hiyo pato la taifa linapaa, na yule wa Gairo anauza mahindi kwa lumbesa, gunia limevimba kama lina mimba, kalipwa gunia moja katoa moja na robo.

Kati ya 2007 na 2012 ndo kidogo mambo yalibadilika. Utafiti wa 2011/12 ulileta asilimia 28.2, na waliokosa hata mahitaji ya chakula asilimia 9.7. Hapo katikati walibadilisha namna ya kupima na kuuchora upya mstari, kwa hiyo usichukue 34 ukatoa 28 ukashangilia kama goli, lakini hata ukirekebisha, kushuka kulikuwepo na wa chini walisogea haraka kuliko wa juu. Barabara za lami zilifika, vijijini bati likachukua nafasi ya nyasi, simu ya mkononi ikaleta bei ya soko hadi shambani na hela hadi kwa bibi.

Kisha 2017/18. Umaskini 26.4, wa chakula 8.0. Umeshuka, ndio, lakini kwa mwendo wa kinyonga, na idadi ya watu inaongezeka, ndo maana ukihesabu vichwa waliokuwa kama milioni 12 mwaka 2012 wakawa milioni 14. Asilimia inashuka, watu wanaongezeka, na zote mbili ni kweli, mwanasiasa anachagua anayoitaka. Gini nayo ikapanda mpaka 0.38. Moja ya tano ya juu ya wananchi inatumia karibu nusu ya matumizi yote, moja ya tano ya chini kabisa inagawana kama asilimia saba. Vijijini maskini ni asilimia 31, mijini 16. Dar es Salaam 8, Rukwa 45. Rukwa, jamani, mkoa unaolisha watu mahindi! Ndo miaka ile ile mtaani mlikuwa mnasema vyuma vimekaza, kwa hiyo utafiti haukuwaambia kitu ambacho hamkukijua.

Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuweka uchumi wa kati, tukapiga vigelegele. Kigezo kilikuwa wastani wa dola 1,036 kwa kichwa, sisi tukawa na 1,080. Wastani, jamani. Nani humu alipewa hiyo dola 1,080?

Lakini sasa nifike kwenye jambo ambalo ndo hasa lilinitoa nyumbani leo, mniazime masikio. Tukisikia asilimia 28 halafu 26 tunapata picha kwamba kuna watu fulani maskini, wamekaa pale chini, na kila mwaka wachache wanatoka. Haiko hivyo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2019 kuhusu nchi hii ilisema kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Wanne wametoka, watatu wameingia! Kwa hiyo ile tofauti ndogo unayoiona ni mmoja aliyebaki kwenye hesabu, huku saba wamehama nyumba zao za kimaisha. Mtaani kwako ukiangalia miaka kumi nyuma utawaona. Yule aliyekuwa na duka la jumla sasa anapanga chumba kimoja. Yule wa bodaboda ya mkataba sasa ana tatu zake. Mstari haujasogea sana ila watu wanapishana mlangoni.

Na ukiwauliza walioshuka, nimeuliza wengi, hawakwambii nilivivia. Wanakwambia mume aliugua figo. Wanakwambia moto sokoni. Wanakwambia tuligawana mali na ndugu zake wakachukua nyumba. Mvua haikunyesha. Ada. Ugonjwa ndo unaongoza, kwa nilivyoona mimi, kwa sababu ugonjwa unapiga mara mbili, unakula akiba na unamsimamisha mtafutaji, na anayemuuguza naye anafunga genge. Uza ng'ombe, uza shamba, kopa, na ukishauza shamba hata mgonjwa akipona hamna pa kurudi. Bima kwa mtu asiye na ajira ya mshahara mpaka leo ni mtihani.

Bei nayo. Angalia Mtwara na Lindi. Msimu wa 2017 korosho ilipanda mpaka karibu shilingi elfu nne kwa kilo, watu walijenga, walioa, walinunua pikipiki. Msimu uliofuata bei ikaanza chini, wakulima wakagoma kuuza, Novemba 2018 serikali ikasema itanunua yote kwa 3,300 na jeshi likapelekwa kubeba. Malipo yakachelewa kwa wengi, uhakiki kwanza, na anayejua kusubiri ni mwenye akiba. Asiye na akiba alikuwa ameshauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, toka korosho ziko mtini, kwa bei ya kutupa. Mkulima yule yule, ekari zile zile, mwaka mmoja yuko kwenye moja ya tano ya juu ya kijiji mwaka mwingine anaomba unga. Mdadisi akipita mwaka wa neema anaandika kaya tajiri, akipita mwaka wa pili anaandika kaya maskini, na wote wawili hawajakosea.

Sasa tuje humu humu ndani, kwenye katiba zenu. Mmeweka kila mwanachama hisa moja mpaka tano kwa wiki, sio zaidi. Hiyo ni akili kubwa, mmembana mwenye nacho asiwazidi wengine zaidi ya mara tano, kidogo kama alivyotaka kufanya Mwalimu na mishahara. Lakini fuatilieni. Mwenye hisa tano mkopo wake ni mara tatu ya akiba, mwenye hisa moja naye ni mara tatu ya akiba, sawa? Sheria ni moja. Ila wa hisa tano anakopa hela ya kununua gunia kumi za mpunga Juni na kuziweka mpaka Januari, wa hisa moja anakopa hela ya sare za shule. Wa kwanza mkopo unazaa, wa pili mkopo unaliwa, halafu wote wanarudisha na riba, na riba hiyo leo jioni inagawanywa kwa hisa, kwa hiyo riba ya sare za shule inakwenda kwa mwenye mpunga. Hamna aliyeiba, hamna aliyemdhulumu mwenzie, mweka hazina ni mwaminifu kabisa, na pengo limeongezeka ndani ya miezi kumi na mbili katika kikundi chenye kikomo cha mara tano. Huko nje hakuna kikomo.

(Hapa kelele zilikuwa nyingi, mama mmoja alisimama akasema basi wenye sare wasitozwe riba, mwingine akasema mfuko wa jamii ndo kazi yake hiyo. Niliwaacha wabishane, sikuwa na haraka.)

Kitu kingine ambacho namba hazikionyeshi vizuri ni kwamba kaya yenyewe imebadilika. Sensa ya 2012 wastani wa kaya watu 4.7, ya 2022 watu 4.3. Vijana wanatoka mapema, chumba na sebule, wanakuwa kaya yao. Zamani bibi, wajomba na shangazi wote chungu kimoja, aliyekosa alikula kwa aliyepata na utafiti uliwaona kama nyumba moja. Leo bibi yuko Mahenge peke yake, anahesabika kaya maskini, mjukuu yuko Msamvu anahesabika kaya ya kawaida, na kati yao kuna simu. Anamtumia elfu kumi, na anaongeza na ya kutolea, maana ukituma bila ya kutolea bibi anakupigia. Hizi hela ndogo ndogo za simu zimefanya kazi kubwa kuliko miradi mingi iliyozinduliwa kwa utepe. Ndo maana Julai 2021 tozo ilipowekwa juu ya miamala watu walipiga kelele vile, ikabidi ndani ya miezi miwili ipunguzwe asilimia 30. Ile haikuwa kodi ya simu, ilikuwa kodi ya kumkumbuka bibi.

TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nayo ipo, kaya zaidi ya milioni moja ziliandikishwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, na kwa kaya ya chini kabisa ile ruzuku inaonekana, mtoto anakwenda shule na kliniki. Ugomvi uko kwenye kuchagua nani aingie, mkutano wa kijiji unataja majina, na kama nilivyosema, wa leo sio wa kesho, unaandikisha mtu aliyeshuka mwaka huu, yule atakayeshuka mwakani hayumo, na aliyepanda hataki kutoka kwenye orodha. Hata mimi nisingetaka.

Vijana walinitumia swali kabla, kuhusu mishahara, kwamba kima cha chini cha serikali kimepanda toka 370,000 mpaka 500,000 kuanzia Julai 2025, je hilo si limepunguza pengo? Kwa walio kwenye mshahara wa serikali, ndio, wa chini kasogea. Lakini wangapi humu wana hati ya mshahara? Nyosheni mikono. Naona saba, nane, na huyo kijana ananyosha ya jirani. Humu tuko zaidi ya mia. Tukipigiana kelele za Mei Mosi tunaongelea hiyo mikono minane, na wale tisini na ushee wanaongozwa na bei ya nyanya.

Mwenyekiti ananionyesha saa, swali la mwisho, mama pale nyuma. Anauliza kwa hiyo mimi niko wapi, juu au chini?

Hesabu yake ni hii, mama, utaifanya nyumbani. Mstari wa mahitaji ya msingi mwaka 2018 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Watoto wanahesabika pungufu ya mtu mzima kutokana na umri. Nyumba ya baba, mama na watoto watatu tuseme ni kama watu wazima wanne hivi, basi ni shilingi laki moja na elfu tisini na saba kwa mwezi, kwa bei za wakati ule, leo ongeza zaidi ya robo. Hapo ndani hesabu na mahindi ya shambani kwako na mchicha wa bustanini, usihesabu uliyomkopesha mtu. Ukivuka hapo serikali inakuhesabu sio maskini. Ukivuka kwa elfu ishirini, ripoti inakuweka upande mmoja na wa juu ya mstari wote, wewe na mwenye geti na mbwa wawili.

Anasema kavuka kwa elfu kumi na tano. Basi mama, leo ukipewa mgao wako kata bima kabla hujapitia dukani. Na katibu aandike ile hoja ya riba ya mikopo ya shule, niliona mmeanza kukubaliana.